Picha Imeharibikia Wapi? Utatuzi wa Matatizo kwa Anayejifunza Kupiga na Kuhariri Picha za Kidijitali

Wanafunzi wanaoniletea picha zilizoharibika, karibu wote huwa wameshafanya jambo moja kabla ya kuniuliza: wameifungua picha kwenye programu ya kuhariri, wakavuta kila kitelezi walichokiona, na sasa picha ina matatizo mawili pale ilipokuwa na moja. Naielewa haraka hiyo, kwa sababu programu iko mkononi na mteja anasubiri. Lakini hitilafu ya picha huzaliwa mahali maalumu, ama kwenye mwanga, ama kwenye kamera na lenzi, ama kwenye kadi na kompyuta, ama kwenye kioo au karatasi ambayo picha inatazamwa, na tiba ya mahali pamoja haiponyi palipo pengine. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kama zinavyoelezwa na wanaojifunza wenyewe. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, na nimemalizia na kile cha nadra.

Kabla ya kugusa chochote

Tengeneza nakala ya faili na uifanyie kazi nakala hiyo, ukiacha faili halisi kama ilivyotoka kwenye kamera. Kisha futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini kisicho na mafuta, hasa kama umepiga kwa simu, kwa kuwa lenzi ya simu hushikwa na vidole kutwa nzima na ukungu wa mafuta hayo huonekana kama kasoro kubwa ya kifaa. Mwisho, soma taarifa zilizomo ndani ya picha. Kila faili inayotoka kwenye kamera au simu hubeba kumbukumbu iitwayo EXIF, ambayo inataja muda wa shata (muda ambao kamera hukaa wazi kupokea mwanga), upenyo wa lenzi (ukubwa wa tundu lake, unaoandikwa kwa f/, namba ndogo ikiwa tundu kubwa), kiwango cha ISO (kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliyopokea), urefu wa lenzi na saa picha ilipopigwa. Kwenye simu nyingi utaiona kwa kuifungua picha na kuivuta juu. Kwenye kompyuta ya Windows imo katika sifa za faili. Mimi huisoma hiyo kabla ya kuitazama picha kwa makini, na mara nyingi jibu huwa limo humo.

Dalili: picha haina ukali

Ikuze picha hadi asilimia 100 na utazame aina ya ukungu wake, kwa sababu kioo kidogo cha nyuma ya kamera huonyesha kila picha kuwa nzuri. Ikiwa vitu vyote vimejivuta kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Ikiwa ukuta uko makini lakini mtoto anayekimbia ameacha mkia, mtoto ndiye aliyesogea. Ikiwa sikio liko makini na jicho halipo, lenzi ililenga pasipotakiwa. Ikiwa hakuna palipo makini popote na kila taa ina duara la moshi, rudi kwenye kitambaa chako.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni shata iliyokaa wazi muda mrefu mno. Kanuni ya wapiga picha wa zamani bado inafaa: namba ya chini ya sehemu ya sekunde isiwe ndogo kuliko urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa lenzi ya milimita 50 tumia angalau 1/50, na kwa lenzi ya milimita 200 angalau 1/200. Kwenye kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya aina ya APS-C, ambazo ndizo wanaoanza wengi hununua, zidisha urefu huo kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa kamera ni ya Canon, kwa hiyo lenzi ya 50 inahitaji takriban 1/80. Kanuni hii inahusu mkono wako tu. Mtu anayecheza ngoma au mchezaji wa mpira anahitaji 1/500 hadi 1/1000, na mfumo wa kuzuia mtikisiko uliomo ndani ya lenzi hausaidii hapo, kwa kuwa huo hutuliza kamera na hauwezi kumtuliza anayepigwa picha.

Chanzo cha pili ni mahali pa kulenga. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, mara nyingi huchagua kitu kilicho karibu au chenye mistari ya wazi, kama vile maua mkononi mwa bibi harusi. Chagua nukta moja ya kulenga na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe, au washa utambuzi wa jicho ikiwa kamera yako inao. Kumbuka pia kwamba lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, huacha ukanda makini wa sentimita 6 au 7 hivi kwenye kamera ya APS-C. Ndiyo maana picha ya familia iliyosimama safu mbili hutoka na safu ya nyuma imefifia. Kwa kundi kama hilo funga lenzi hadi f/5.6 au f/8.

Angalia pia swichi iliyo ubavuni mwa lenzi, ile yenye alama AF na M. Darasani, kamera moja inapopita mikononi mwa watu watano, swichi hii husukumwa bila mtu kujua, na wanaofuata wote hudhani lenzi imekufa.

Ikiwa umeyapitia hayo yote na tatizo bado lipo, weka kamera juu ya stendi na upige ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, kwanza kwa kutazama kupitia tundu la kutazamia, kisha kwa kutumia kioo cha nyuma. Kioo kikileta picha makini na tundu likileta yenye ukungu, mfumo wa kulenga wa kamera yenye kioo cha ndani (DSLR) umepishana na lenzi, na kamera nyingi za daraja la kati zina mahali pa kurekebisha jambo hilo kwenye menyu. Kamera zisizo na kioo cha ndani hupatwa na tatizo hili kwa nadra sana, kwa sababu hulenga kwa sensa yenyewe. Lakini upande mmoja wa gazeti ukiwa makini na mwingine ukiwa umefifia, hata kwa f/8 na kamera ikiwa imenyooka kabisa mbele ya ukuta, kipande cha kioo ndani ya lenzi kimehama, kwa kawaida baada ya kuanguka. Hapo simama. Kupanga upya vioo vya lenzi kunahitaji vifaa vya kupimia ambavyo fundi wa kawaida wa simu hana, na bisibisi ya nyumbani huongeza hasara.

Jambo moja kuhusu kuhariri: kitelezi cha ukali huongeza utofauti kwenye kingo zilizopo, nacho hakirudishi kilichopotea. Programu mpya zinazodai kuondoa ukungu kwa akili bandia hujaza palipopotea kwa kubuni, na kwenye uso wa mtu maana yake ni kumpa kope na mikunjo ambayo si yake. Kwa picha ya kumbukumbu ya familia mimi siitumii njia hiyo.

Dalili: sura imekuwa giza, au gauni jeupe limeungua

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia mara nyingi zaidi, nalo linastahili maelezo marefu, kwa sababu wengi hulitibu kwa namna inayomkosea heshima aliyepigwa picha.

Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimewekwa kuamini kwamba mandhari yoyote, ukiichanganya pamoja, huwa na weupe wa wastani, kijivu kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au mbele ya dirisha, au ufukweni na anga nyuma yake, na kamera itauona mwanga huo mwingi, itaamua kwamba mandhari yote imezidi, kisha itaipunguza pamoja na sura yake. Mgeuze awe mbele ya pazia jeusi akiwa na suti nyeusi, na kamera itafanya kinyume: itaongeza mwanga mpaka shati jeupe lipoteze nyuzi zake na sura ipauke.

Kuna historia pia. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Filamu yenyewe ilikuwa dhaifu katika kushika ngozi nyeusi na nyeupe ndani ya picha moja, na ilipoanza kuboreshwa, msukumo mmoja ulitoka kwa wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao za rangi ya kahawia hazitofautiani kwenye picha. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo uitwao Real Tone, ulioandaliwa ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo. Nayataja haya ili anayejifunza ajue kwamba sura ikitoka giza, kosa ni la kipimo, na ngozi ya mtu haina kasoro ya kusahihishwa.

Ukaguzi wa kwanza ni mwepesi. Kwenye simu, gusa sura ya mtu kwenye kioo na uvute alama ya jua juu kidogo. Kwenye kamera, tumia kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, na uongeze hatua moja (yaani mwanga mara mbili), wakati mwingine moja na nusu, kisha utazame upya. Hilo lisipotosha, msogeze mtu kabla ya kuigusa kamera tena: mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni badala ya mgongoni, mara nyingi kazi imekwisha.

Chanzo cha pili katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta ni jua la saa sita mchana, ambalo hukaa utosini na kujaza macho kivuli. Mpeleke mtu kwenye ukingo wa baraza, au pale kivuli cha mwembe kinapoishia, uso wake ukitazama mahali peupe na wazi. Shuka jeupe lililoshikwa na mtu wa tatu chini ya kidevu hurudisha mwanga kwenye macho vizuri kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa namna inavyoakisi mwanga, kwa hiyo huhitaji chanzo kipana na laini. Taa ndogo kali huacha doa jeupe kwenye paji la uso na giza kila mahali pengine.

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera hufika karibu tu. Nyingi zina namba ya nguvu inayokaribia 12 kwa ISO 100, yaani kwa f/4 mwanga unatosha hadi mita 3. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo, ndiyo sababu wageni wa meza ya kwanza huonekana na wa meza ya nne humezwa na giza.

Ikiwa picha imeshapigwa na haiwezi kurudiwa, fungua kivuli kwenye sura pekee kwa kuizungushia eneo lake, uache weusi wa nywele na nyusi ubaki weusi. Ukiinua mwanga wa picha nzima, ngozi hupata rangi ya majivu, na ukiinua sana mwanga wa rangi ya chungwa kwenye vitelezi vya rangi utakuwa umemng'arisha mtu bila ridhaa yake. Linganisha na mgongo wa mkono wake ukiwa naye karibu. Nimeona wazazi wakishindwa kumtambua binti yao kwenye albamu ya harusi kwa sababu mhariri alimfanya mweupe, na hakuna kitelezi cha kuirudisha siku ile.

Dalili: picha imejaa chenga

Wengi huilaumu ISO kubwa, lakini mara nyingi zaidi chenga hutokana na picha iliyopigwa ikiwa giza kisha ikainuliwa kwenye programu. Picha ya ISO 3200 iliyopata mwanga wa kutosha hutoka safi kuliko ya ISO 800 iliyoinuliwa hatua tatu baadaye. Kwa hiyo anza kwa kuongeza mwanga halisi: fungua upenyo, sogea karibu na taa, weka kamera juu ya stendi. Kwenye simu acha kukuza kwa vidole gizani, kwa kuwa huko ni kukata picha na kuitanua tu. Tembea umfuate unayempiga. Kupunguza chenga kwa programu hufaa zaidi ukianzia faili la RAW (data ghafi ya kamera, kabla haijachakatwa), tena kwa kiasi, maana ukizidisha ngozi huwa kama nta.

Vinukta vichache vyekundu, vya kijani au vya buluu vinavyotokea mahali palepale kila unapoacha shata wazi sekunde nyingi si chenga. Hivyo ni vipande vya sensa vinavyopata joto, na kamera nyingi zina amri ya kuviziba kwenye menyu.

Dalili: rangi si zake, au kuna mistari

Kwanza zima mwanga wa usiku kwenye simu au kompyuta, ule unaofanya kioo kiwe cha manjano jioni. Nimewahi kukaa na mwanafunzi saa nzima tukiitafuta kasoro ambayo ilikuwa kwenye kioo chake tu. Kisha angalia mizani ya weupe, ile yenye herufi WB: je, imebaki kwenye alama ya balbu tangu jana usiku? Balbu ya zamani hutoa mwanga wa karibu kelvini 2700 hadi 3200, jua la mchana karibu 5500, na kivuli hupita 7000, kwa hiyo mpangilio wa mahali pamoja hupaka mahali pengine buluu au manjano. Mtu aliyesimama chini ya mti wenye majani mengi hupata ukijani kutoka kwenye majani, na ukuta wa rangi kali hufanya vivyo hivyo. Piga karatasi nyeupe mahali hapohapo, na programu itaitumia kama kipimo.

Ukumbi wenye taa za dari nyeupe na dirisha la mwanga wa buluu hauna mpangilio mmoja sahihi. Zima taa za ndani, au funga mapazia. Ukilazimika kuchagua, sahihisha rangi ya ngozi na uache ukuta uwe utakavyokuwa.

Mistari ya giza inayokatiza picha chini ya tyubu au taa za LED hutokana na umeme wenyewe. Tanzania na Kenya hutumia umeme wa hezi 50, na taa nyingi za aina hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100, acha shata ya kielektroniki, na washa kizuizi cha upepesaji kama kipo. Mistari ikiendelea hata nje juani, sensa au shata ina hitilafu, na kamera iende kwa fundi.

Dalili: madoa, na ukungu ndani ya lenzi

Doa la kijivu linalokaa mahali palepale kwenye kila picha, likionekana wazi angani, huwa ni vumbi kwenye sensa. Piga karatasi nyeupe kwa f/16 au f/22, lenzi ikiwa haijalenga, kisha badilisha lenzi na urudie. Doa likibaki, liko kwenye sensa. Likiondoka, liko kwenye lenzi. Doa unaloliona ukichungulia tunduni na lisilotokea kwenye picha liache. Nukta nyeupe za mviringo kwenye picha za flashi usiku, ambazo baadhi ya watu huziogopa na kuzihusisha na majini, ni vumbi au matone ya hewani yaliyo karibu sana na flashi.

Kusafisha huanza na amri ya kamera yenyewe, kisha pampu ndogo ya mpira, mdomo wa kamera ukitazama chini na betri ikiwa imejaa, kwa sababu betri ikiisha katikati ya kazi shata inaweza kujifunga juu ya chochote ulichoingiza. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate hukauka na kuwa doa gumu, wala usitumie kopo la hewa iliyobanwa, ambalo linaweza kurusha kimiminika chake. Doa lenye mafuta lisilotoka kwa pampu lipelekwe kwa mtu mwenye vifaa vya usafi wa sensa. Mkwaruzo kwenye kioo kinachoifunika hauondoki kwa kusafishwa.

Kwa wakazi wa Mombasa, Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na pwani yote, adui mkubwa kuliko vumbi ni kuvu. Hewa yenye unyevu unaopita asilimia 70 kwa siku kadhaa, giza na utulivu ndivyo inavyovipenda, na mkoba wa kamera uliofungwa kabatini humpa vyote vitatu. Mulika tochi kupitia lenzi ukitazama kwa pembeni. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, ni kuvu. Mwanzoni picha hupoteza utofauti tu, hasa ukipiga kuelekea mwanga, na mwanafunzi hujitahidi kuurudisha kwa vitelezi miezi mingi bila kujua anapambana na nini. Kuvu hutoa asidi inayoila tabaka la juu la kioo, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Iliyo juu ya kioo cha nje inafutika kwa kitambaa na kimiminika cha kusafishia lenzi. Iliyo ndani ni kazi ya fundi wa lenzi, na umwulize bei kwanza, kwa sababu lenzi ndogo inayokuja na kamera huenda ikagharimu zaidi kutengeneza kuliko kununua nyingine.

Kinga yake ni rahisi: chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, vifuko vya silika vilivyokaushwa, na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50. Acha mikoba ya ngozi. Itumie lenzi mara kwa mara, iwekwe mbali na ile iliyokwisha kuambukizwa.

Ukungu unaotanda ghafla ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la nje ni jambo jingine. Huo ni mvuke ulioganda juu ya kioo baridi. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na usubiri nusu saa hivi ipate joto. Usibadilishe lenzi wakati huo.

Dalili: nilipohariri ilikuwa nzuri, ilipofika kwa mteja imeharibika

Uliza ilifikaje. WhatsApp hubana picha inayotumwa kama picha, hata kwa chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023, kwa hiyo faili la kazi litume kama hati, kwa njia ileile unayotumia kutuma PDF. Chanzo kinachofuata ni kuhifadhi JPEG (faili la picha lililobanwa) upya kila unapoihariri, kwani kila mara hupoteza kidogo. Rudi kwenye faili halisi ufanye marekebisho yote kwa mpigo mmoja.

Rangi zikitoka zimepooza kwenye simu ya mteja, pengine ulihifadhi katika mfumo wa rangi wa Adobe RGB. Chagua sRGB wakati wa kutoa picha, kwa kuwa ndiyo lugha ya rangi ambayo simu na vivinjari vingi huielewa.

Picha iliyosafishwa (iliyochapwa kwenye karatasi) ikitoka giza, kioo chako kinang'aa mno. Shika karatasi nyeupe kando ya kioo, chini ya mwanga wa kawaida wa chumba, na upunguze mng'ao mpaka vifanane. Kwa ukali wa chapa, hesabu nukta 300 kwa inchi: picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800, na ya A4 inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Safisha moja ndogo ya majaribio kabla ya kuagiza albamu nzima.

Anga lililogawanyika kwa matabaka kama ngazi linatokana na kuvuta sana JPEG, ambayo ina viwango 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina 16,384.

Dalili: programu haifungui picha, au picha zimetoweka

Faili la RAW la kamera mpya halifunguki kwenye programu ya zamani. Sasisha programu, au tumia kigeuzi cha bure cha Adobe kinacholigeuza kuwa DNG, aina ya RAW inayofunguka kwenye programu nyingi, au jaribu darktable na RawTherapee, ambazo nazo hazilipiwi. Programu ya kuhariri ya Lightroom ikionyesha alama ya mshangao, kwa kawaida faili lilihamishwa au kubadilishwa jina nje ya programu. Bofya alama hiyo uionyeshe lilipo, na usiliingize upya, maana utaanza bila marekebisho yako. Katalogi yake hutunza maelezo ya marekebisho pekee, haitunzi picha. Aliyefuta picha halisi akidhani zimo ndani ya programu amezifuta kweli, na anapaswa kusoma sehemu inayofuata kabla ya kufanya lolote.

Dalili: kadi haisomeki, au picha zimefutika

Acha kupiga. Toa kadi. Kinachofutwa kwanza ni orodha ya mafaili, na picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo kila picha mpya inaweza kuwa inazika ya zamani.

Kagua yaliyo mepesi: kitufe cha kufunga kilicho ubavuni mwa kadi, uchafu kwenye migusano yake, kisha kisomaji kingine na tundu jingine la kompyuta. Kompyuta ikiuliza kama iifomati kadi, jibu hapana. Ikionekana, hata kama ni tupu, tumia programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Isakinishe kwenye kompyuta, na uelekeze picha zinazookolewa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Zitarudi bila majina yake ya awali.

Simama hapo ikiwa kadi haionekani kabisa kwenye visomaji viwili, inapata joto, au imepasuka. Kadi ndogo nyingi zimeyeyushiwa kila kitu ndani ya kipande kimoja, na kuzisoma kunahitaji maabara ya kuokoa data. Kila jaribio la nyumbani hupunguza nafasi yake. Mwambie mteja ukweli mapema.

Kadi bandia ina dalili yake: picha za mwanzo zipo, zinazofuata hufunguka nusu au zina rangi ya kijivu. Nilinunua moja iliyoandikwa GB 128 kwa bei nzuri, nikaipeleka kwenye sherehe ya ubatizo, na picha zote za baada ya ibada hazikufunguka. Tangu hapo kila kadi mpya huipima kabla ya kazi kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, ambazo huijaza hadi mwisho na kusoma upya kilichoandikwa. Kadi iliyowahi kuniangusha mara moja siipeleki tena kazini, na zilizo nzima nazifomati ndani ya kamera, baada ya picha kuwa mahali pawili.

Maji, betri na flashi

Kamera ikilowa, hasa kwa maji ya bahari, toa betri na kadi mara moja na usijaribu kuiwasha uone kama imepona. Chumvi hula saketi hata baada ya maji kukauka, na kuizika kwenye mchele hakuiondoi chumvi hiyo na huongeza vumbi. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, ukimweleza kwamba ni maji ya bahari. Betri iliyovimba usiichaji, usiitoboe, wala usiilazimishe kutoka ikiwa imekwama ndani ya kamera.

Flashi isiyowaka ikague betri zake, migusano ya mguu wake na muda wa shata, ambao kwa kamera nyingi haupaswi kupita takriban 1/200 flashi ikiwa imewashwa. Zaidi ya hapo usiifungue. Ndani yake kuna kapasita inayoweza kuwa na volti 300 hivi muda mrefu baada ya betri kutolewa, na mshtuko wake unaweza kumuumiza mtu vibaya au kumuua. Kamera ndogo zenye flashi ya ndani zina kapasita hiyohiyo chini ya kifuniko chake.